Msafiri Maskini Ajapokuwa Sultani: Historia ya Wasaidizi wa Safari Ndefu za Baiskeli

Wahenga walisema: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Aliye njiani hana kisima chake, hana jiko lake wala kitanda chake. Maji ayanywayo na paa limsitirilo usiku vimo mikononi mwa wengine. Methali hiyo inamhusu kila msafiri, lakini inamhusu zaidi mtu anayesafiri kwa baiskeli siku nyingi mfululizo, kwa maana injini ya chombo chake ni mwili wake mwenyewe. Akikosa chakula, chombo husimama. Akikosa usingizi, chombo huyumba na kuanguka.

Sisi tukaao Yakobi, Njombe na Makambako tunaijua baiskeli kwa kazi zake za kila siku. Imebeba viazi hadi sokoni, imebeba kuni na madumu ya maji, imewapeleka watoto shuleni na wagonjwa zahanati. Tena tunakaa karibu na njia kuu. Pale Makambako barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita papo hapo. Kwa hiyo si ajabu kwetu kumwona mgeni aliyevaa kofia ngumu akipanda mlima polepole juu ya baiskeli, na pengine gari likimfuata au likimtangulia. Macho yetu humwendea yule mpanda baiskeli. Lile gari hatulitazami sana.

Makala haya yanakusudia kuligeuzia gari hilo macho, pamoja na watu waliomo ndani yake. Historia yao ni ndefu kuliko wengi tunavyodhani, na ndani yake limo swali lililobishaniwa kwa zaidi ya miaka 100: ni msaada upi ulio halali kwa aliye safarini, na ni nani mwenye haki ya kuutoa? Swali hilo lilianzia katika mbio za Ulaya, lakini linatuhusu sisi pia tunaokaa kando ya njia.

Nyumba za kando ya njia

Kabla ya magari kuanza kuwafuata waendesha baiskeli, msaada ulikaa majumbani, na msafiri ndiye aliyeuendea. Mfano mmoja unagusa nchi yetu moja kwa moja. Ramnath Biswas alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Baniachong, upande wa Sylhet, ambao leo umo nchini Bangladesh. Alikuwa askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 7 Julai 1931 aliondoka Singapore kwa baiskeli, akiwa na shuka mbili, jozi moja ya ndara na sanduku la vifaa vya kutengenezea baiskeli. Alijitambulisha kwa maandishi kuwa yeye ni msafiri wa Kihindu azungukaye dunia. Baada ya kupita sehemu kubwa ya Asia na kufika Ulaya, mwaka 1938 alipanda meli kutoka Bombay hadi Mombasa. Kutoka hapo aliendesha baiskeli yake kupitia Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia hadi Afrika Kusini.

Tuutafakari mzigo ule: shuka mbili na sanduku la vifaa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuziba pancha na kukaza mnyororo, lakini hawezi kubeba chakula cha miezi wala maji ya wiki. Safari yake haikuwezekana ila kwa watu aliowakuta: mwenye duka aliyemfungulia mlango jioni, mwanakijiji aliyemwonyesha kisima, mwenye nyumba aliyemtandikia mkeka. Hao ndio waliokuwa gari lake la msaada, na gari hilo lilikuwa limetandazwa juu ya bara zima. Mila za Kihindu humpokea mgeni kana kwamba ametumwa na Mungu. Waswahili nao husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Biswas alirudi kwao, akaandika vitabu vingi vya safari kwa Kibengali, na alifariki Kolkata mwaka 1955.

Msaada wa aina hiyo haukuwa na sheria wala bei. Ulitolewa na yeyote aliyekuwapo, kwa yeyote aliyefika. Lakini Biswas hakuwa akishindana na mtu. Mahali ambapo safari ndefu ya baiskeli iligeuzwa kuwa mashindano, ukarimu huo ulianza kutiliwa shaka.

Sheria ya kujitegemea

Mashindano makubwa ya kwanza ya hatua yalianza Ufaransa tarehe 1 Julai 1903. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto, aliyaanzisha ili kuliuza gazeti lake, akayaita Tour de France. Waendesha baiskeli 60 waliondoka. Waliomaliza kilomita 2,428 walikuwa 21 tu. Desgrange aliamini kuwa mshindi wa kweli ni yule asiyesaidiwa na mtu. Washindani walitakiwa kuzitengeneza baiskeli zao wenyewe, na picha za miaka ile zinawaonyesha wakiwa na mipira ya tairi iliyozungushwa mabegani kama mikanda ya risasi.

Mwaka 1910 mashindano yalipopelekwa kwenye milima mirefu ya Pirenei, waandaaji waliongeza gari la kwenda nyuma ya wote na kuwaokota walioshindwa. Wafaransa waliliita gari la ufagio, na jina hilo lingali likitumika. Gari hilo lilikuwa la huruma, lakini huruma yenye sharti: aliyelipanda alikuwa amekwisha kushindwa. Aliyetaka kuendelea hakuwa na msaada wowote.

Ukali wa sheria hiyo ulionekana mwaka 1913. Eugène Christophe, aliyekuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda, alikuwa akiteremka mlima Tourmalet pale uma wa mbele wa baiskeli yake, yaani chuma kishikacho gurudumu, ulipovunjika. Aliibeba baiskeli begani na kutembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Kulikuwa na mhunzi kijijini, na mhunzi alikuwa tayari kumsaidia. Lakini waamuzi walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Christophe alilazimika kufua chuma kwa mikono yake mwenyewe. Kwa kuwa mkono mmoja ulishika chuma na wa pili ulishika nyundo, mvulana mmoja wa pale alimvutia mivukuto ili moto usizimike. Kwa kosa hilo Christophe aliongezewa adhabu ya dakika 10, ambayo baadaye ilipunguzwa ikawa 3. Alikwisha kupoteza saa nyingi, na ushindi pia.

Tazama kilichoadhibiwa hapo. Hakuna aliyedai kwamba mvulana yule alimfanya Christophe apande mlima kwa kasi zaidi. Alimsaidia mtu aliyekwama kijijini kwao, kama ambavyo mtoto yeyote wa hapa kwetu angemsaidia. Sheria iliyotungwa ili kulinda haki kati ya washindani iliishia kuufanya ujirani kuwa kosa.

Polepole ukali ule ulilegezwa. Mwaka 1930 Desgrange alianzisha timu za mataifa, akaruhusu msafara wa magari ya matangazo utangulie mashindano ili fedha zake zilipie chakula na malazi ya washindani. Wenzi wa timu moja sasa waliweza kusaidiana, lakini msaada ulikuwa bado unatoka katika miili yao. Mwaka 1934 kijana wa miaka 20, René Vietto, aliyekuwa miongoni mwa wapandaji bora wa milima, alimpa gurudumu lake kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, naye akabaki amekaa juu ya ukuta wa mawe akilia huku wengine wakimpita. Kesho yake Magne alipopatwa na tatizo tena, Vietto aligeuka, akarudi nyuma na kumsaidia kwa mara ya pili. Magne alishinda mashindano. Wafaransa wengi, hata hivyo, walimkumbuka zaidi yule aliyekaa ukutani.

Miaka ilivyopita, magari ya timu yaliruhusiwa kufuata kwa ukaribu yakiwa na magurudumu na baiskeli za akiba juu ya paa. Kilichokuwa sadaka ya mwenzi kikawa kazi ya fundi na dereva. Kutoka hapo haikuwa mbali kufikia nyumba nzima yenye magurudumu.

Nyumba iendayo pamoja na msafiri

Mwezi Agosti 1982 wanaume wanne, Lon Haldeman, John Howard, Michael Shermer na John Marino, waliondoka kwenye gati la Santa Monica, katika pwani ya magharibi ya Marekani, wakielekea New York. Hawakuwa na vituo vya kulala. Saa ilihesabu mfululizo usiku na mchana, na kila mmoja alilala pale tu aliposhindwa kuendelea. Haldeman alifika kwanza, kwa siku 9 na saa 20. Mashindano hayo yaliendelea kwa jina la Race Across America, na ndiyo yaliyoufanya ufundi wa kumsaidia mwendesha baiskeli kwa gari-nyumba kuwa kazi yenye kanuni zake.

Gari-nyumba ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, tangi la maji na choo. Msomaji anaweza kudhani kwamba hulisindikiza gurudumu kwa gurudumu. Sivyo, ni pana mno, nalo huziba barabara. Kazi ya kufuata nyuma hupewa gari dogo, ambalo usiku humulika njia kwa taa zake ili mpanda baiskeli aone mbele na wenye magari mengine wamwone. Gari-nyumba hutangulia makumi ya kilomita, likaegeshwa mahali palipokubaliwa, na hapo ndipo kazi yake huanza. Mpishi huandaa chakula kilaini kinachoweza kuliwa haraka. Fundi hukagua baiskeli ya pili. Mwingine hufua nguo, kwa maana nguo yenye jasho na vumbi huchubua ngozi, na mchubuko mdogo wa siku ya kwanza huwa kidonda cha siku ya tatu. Wasaidizi wa zamu ya usiku hulala mchana wakati wenzao wakiwa njiani. Ikiwa ni timu ya kupokezana, wapanda baiskeli wawili hupumzika ndani huku wengine wawili wakiendelea kusafiri.

Ndani ya gari hilo huwekwa daftari. Huandikwa humo mpanda baiskeli amekunywa maji kiasi gani, amekula nini na saa ngapi, amelala dakika ngapi, amekwenda haja lini. Mambo haya yaonekana madogo, lakini mtu aliyechoka sana hajui tena kama ana njaa au kiu. Daftari ndilo linalokumbuka kwa niaba yake.

Hali hiyo ilifikia kilele kwa Jure Robič, mwanajeshi wa Slovenia aliyeshinda mashindano hayo mara 5 kati ya mwaka 2004 na 2010. Kwa kukosa usingizi siku baada ya siku, Robič aliona vitu visivyokuwapo, akawatuhumu wasaidizi wake mwenyewe, akashuka kwenye baiskeli kupambana na maadui wa kufikirika. Kikosi chake kilikuwa na utaratibu: kadiri safari ilivyoendelea, maamuzi yote yalitoka kwake yakaenda kwao. Wao ndio walioamua ale nini, alale lini na aamshwe lini. Hapo twaona dhamana iliyo mikononi mwa wasaidizi. Dereva anayesinzia nyuma ya mpanda baiskeli ni hatari kuliko mlima wowote, na mpishi anayetamani ushindi kupita kiasi anaweza kumsukuma mtu hadi aumie. Wajibu wa kikosi kizuri ni kujua saa ya kusema: basi, leo imetosha.

Mwezi mmoja, hukumu mbili

Gari-nyumba liliporudi Ulaya liliamsha upya lile swali la mwaka 1913. Katika mashindano ya Italia, Giro d'Italia, ya mwezi Mei 2015, timu ya Team Sky ilimpa kiongozi wake, Richie Porte wa Australia, gari-nyumba lake binafsi. Washindani wengine walilala katika hoteli walizopangiwa na waandaaji, leo kitanda kigumu, kesho chumba chenye joto. Porte alilala kila usiku katika kitanda kilekile. Wakati huo hakuna sheria iliyokataza.

Tarehe 19 Mei, katika hatua ya 10, tairi la Porte lilipata pancha zikiwa zimebaki kilomita chache. Simon Clarke, Mwaustralia mwenzake aliyekuwa wa timu nyingine, alisimama, akachomoa gurudumu lake na kumpa. Picha za tukio hilo ziliwafurahisha watazamaji wengi, wakaziona kuwa mfano wa uungwana. Jioni waamuzi waliwaongezea wote wawili adhabu ya dakika 2, kwa kuwa kanuni hairuhusu kupokea msaada wa namna hiyo kutoka timu nyingine. Baada ya siku chache Porte alijiondoa katika mashindano.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Msaada ulionunuliwa kwa fedha nyingi, ambao timu ndogo zisingeweza kuumudu, ulikuwa halali. Msaada uliotolewa bure na rafiki barabarani ulikuwa haramu. Kwa zaidi ya karne moja sheria ilikuwa imesafiri mbali sana kutoka kwa mvulana wa mivukuto, kisha ikarudi pale pale.

Mwezi uliofuata, Juni 2015, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilirekebisha kanuni zake na kuagiza washindani wote walale katika hoteli zilizotolewa na waandaaji, ili hali zao zilingane. Magari-nyumba ya kulala yakaisha katika mashindano makubwa ya hatua. Mshindi wa Tour de France mwezi Julai mwaka ule alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza mbio za baiskeli Kenya kwa Mkenya David Kinjah. Alitoka timu ileile ya Team Sky, na alishinda akilala hotelini kama wengine. Kwa hiyo kitanda cha binafsi hakikuwa lazima kwa ushindi. Lakini suala la msaada wa jirani halikuguswa.

Bara letu na njia zake

Tanzania ina kumbukumbu yake ya safari za siku nyingi bila injini. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa mwezi Februari 1967, makundi ya vijana yalitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alikuwa miongoni mwa waliotoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Alifariki njiani, na jina lake likaheshimiwa nchi nzima. Mwezi Oktoba mwaka uleule Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Miaka ya karibuni waendesha baiskeli wamekuwa wakifunga safari ya siku kadhaa kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka Mwalimu, wakipanda miti njiani, na magari ya msaada yakiwa pamoja nao. Kifo cha Seti Benjamin kinatosha kutuonyesha kuwa magari hayo si anasa. Mwili wa binadamu una mpaka wake, na moyo wenye ari mara nyingi hauuoni mpaka huo.

Mwaka 2003 ilianza safari ya Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, karibu kilomita 12,000 kwa muda wa miezi minne. Njia yake hupita Tanzania kutoka Arusha hadi Mbeya na kuingia Malawi. Badala ya magari-nyumba, safari hiyo hutumia malori yabebayo jiko, maji, mahema na mizigo; wapanda baiskeli hulala chini kwenye mahema. Aliyeugua au kuchoka hupanda lori, kama lile gari la ufagio la mwaka 1910, na wale wasiopanda lori hata mara moja huheshimiwa na wenzao. Lakini asubuhi inayofuata aliyepanda lori huichukua baiskeli yake na kuendelea. Hilo ni badiliko kubwa. Kuokotwa si kushindwa tena.

Majirani zetu wa Rwanda nao walianza mashindano yao, Tour du Rwanda, mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 yamo katika ratiba ya UCI. Mwezi Septemba 2025 jiji la Kigali lilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Magari ya timu za mataifa tajiri na ya mataifa maskini yalipanda vilima vilevile. Kwa hiyo mambo haya hayako mbali nasi tena. Kijana wa Njombe anayepanda milima kila siku na gunia la viazi kwenye keria anaweza kesho kuwa mshindani, na jirani yake anaweza kuwa dereva, fundi au mpishi wake.

Barabara yetu yataka nini

Tuseme timu ya wapanda baiskeli imefika Makambako ikielekea Njombe na Songea, na gari lake limetangulia. Historia hii inatufundisha mambo matatu kuhusu namna ya kuipokea.

La kwanza ni usalama. Barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia hubeba malori mazito mchana na usiku. Gari linalotambaa nyuma ya mpanda baiskeli laweza kumkinga, lakini pia laweza kumshawishi dereva wa lori alipite kwenye kona asiyoona mbele yake. Ndiyo maana kikosi chenye busara hutangulia, kikaegesha gari nje kabisa ya lami mahali penye nafasi, na kumngoja mtu wao. Wenyeji ndio wajuao mahali hapo palipo. Nyanda zetu za Njombe zinafika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai baridi hukaza na ukungu hushuka barabarani. Mpanda baiskeli aliyelowa jasho akipanda huganda akiteremka. Fulana kavu na kikombe cha chai ya moto juu ya kilima ni dawa kwake. Mgeni hawezi kuyajua haya kwa kuangalia ramani. Huambiwa na mtu.

La pili ni riziki. Gari-nyumba lililojazwa kila kitu mjini linaweza kupita mikoa mitatu bila kununua hata kiazi kimoja. Abiria wake watakuwa wameyaona mashamba yetu ya chai na misitu yetu ya misonobari kupitia dirishani tu. Hapo msaada umekuwa ukuta. Gari lenye nafasi kidogo ndani yake, likanunua viazi, maharage na maparachichi kwetu, likamlipa fundi wa chini ya mti ili anyooshe gurudumu, linamsaidia msafiri na mwenyeji kwa pamoja. Fundi huyo, ambaye amezikarabati baiskeli za mizigo kwa vipande vya vyuma chakavu, mara nyingi atamaliza kazi ambayo mgeni alidhani itangoja kifurushi kutoka ng'ambo.

La tatu ni heshima. Katika mashindano, sheria ina haki ya kuuliza msaada umetoka wapi, kwa sababu wengine wanaumia kwa msaada huo. Lakini safari nyingi zipitazo hapa si mashindano. Ni safari za kuchangisha fedha, za kumbukumbu, za afya, au za kuijua dunia tu. Kwazo hakuna mwamuzi asimamaye mlangoni mwa mhunzi. Mvulana wa mivukuto ana uhuru wa kuvuta mivukuto yake. Tukiwa na uhuru huo na tusiutumie, tutakuwa tumejihukumu kwa sheria ya Desgrange bila kulazimishwa na mtu.

Maji ya kunywa, choo safi, mahali palipo salama pa kuegesha gari usiku, na neno la kweli juu ya hali ya barabara iliyo mbele: mambo manne haya hayahitaji utajiri. Hekalu linaweza kuyatoa. Msikiti, kanisa, shule na ofisi ya kijiji vinaweza pia, na mgeni hatauliza mlango uliofunguliwa ni wa nani. Yeye ni maskini wa njiani, awe amekuja na shuka mbili kama Biswas au na nyumba nzima juu ya magurudumu.

Kitabu hiki cha kumbukumbu kimeandikwa kwa ajili ya maadhimisho, na katika maadhimisho ni desturi kuwataja waliotangulia mbele. Vikosi vya baiskeli navyo vina desturi hiyo: mshindi hupanda jukwaani, picha hupigwa, jina huandikwa. Dereva aliyekesha, mpishi aliyesonga ugali ndani ya gari linalotikisika, mwenye daftari aliyehesabu vikombe vya maji, hao hubaki chini. Basi kila safari itakayoanzia au kupita kwetu iwe na karatasi yenye majina yao, na ukurasa mmoja uachwe kwa wenyeji waliofungua milango. Ukurasa huo ukiandikwa vizuri, watakaosherehekea hapa baada yetu watajua ni nani aliyeipokea dunia ilipopita Makambako ikipanda kwenda Njombe.